“Unanipata?”: Dhamana ya Sauti katika Mawasiliano ya Kindu, kutoka Ngoma ya Gogo hadi Intaneti

Mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema tangu jimbo hilo lilipotengwa na Kivu mwaka 1988, umekuwa kwa zaidi ya karne moja mahali ambapo safari hubadilisha chombo. Reli iliyotoka Kongolo, yenye urefu wa kilomita 355, ilifika hapo mwishoni mwa mwaka 1910. Kutoka hapo abiria na mizigo walishushwa na kupakiwa katika meli za kwenda Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, na mbele yake reli nyingine ikakwepa maporomoko ya maji hadi Stanleyville, yaani Kisangani. Mji ambao mtu huufikia kwa kushuka chombo kimoja na kungojea kingine hujifunza mapema thamani ya habari inayotangulia mbele ya msafiri. Ndiyo maana historia ya mawasiliano ya sauti katika Maniema inastahili kutazamwa kwa jicho la mwanaisimu, wala si la fundi wa mitambo peke yake.

Swali linaloshughulikiwa hapa ni hili: msemaji anapotuma neno mbali, ni nani anayemdhamini kwamba litafika jinsi lilivyosemwa? Siku hizi jibu hutafutwa katika mikataba ya kampuni za simu na katika vipimo vya mamlaka ya serikali. Zamani jibu lilikuwa ndani ya lugha yenyewe. Jambo linalodaiwa katika makala haya ni kwamba dhamana hiyo ya kale haikupitwa na wakati, na kwamba mitambo ya kisasa imeidhoofisha kwa njia ambayo watumiaji wengi hawaitambui, kwa sababu mitambo hiyo hujua kuficha makosa yake.

Ngoma ya gogo

Henry Morton Stanley alipoondoka Nyangwe mwezi Novemba 1876, akisindikizwa na Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, habari za msafara ule zilimtangulia. Ngoma zilisikika mbele yao kandokando ya Lualaba, kijiji kikikipasha kijiji. Wageni walidhani kwamba ngoma zile zilikuwa ishara tu, kama baragumu la askari. Ilichukua miaka mingi kabla ya wasomi wa Ulaya kukubali kwamba zilikuwa zikisema maneno.

Aliyelieleza jambo hili kwa ukamilifu zaidi alikuwa mmisionari John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu karibu na Kisangani kuanzia mwaka 1938, na ambaye kitabu chake juu ya ngoma zinazosema kilitoka mwaka 1949. Ngoma ya gogo huchimbwa kutoka katika mti mmoja, nayo ina midomo miwili: mmoja hutoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. Lugha za msitu wa Kongo ni lugha za toni. Katika Kilokele, Kilega au Kitetela, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Ngoma huchukua toni hizo na kuziacha konsonanti na vokali zote. Matokeo yake ni kwamba maneno mengi huwa sawa yakipigwa. Carrington alionyesha kuwa katika Kilokele neno la mwezi na neno la kuku yana toni zile zile, hivyo hayawezi kutofautishwa kwa mapigo ya neno lenyewe.

Wapiga ngoma walitatua tatizo hilo kwa kurefusha. Mwezi haukupigwa peke yake. Ulipigwa pamoja na fungu la maneno linalousifu kwa kuitazama ardhi kutoka juu, na kuku akapewa fungu lake linaloutaja mlio wake. Kila neno la kawaida likawa na sentensi yake isiyobadilika. Aliyekosa kusikia pigo moja au mawili kwa sababu ya upepo bado aliijua sentensi nzima. Tena habari yote ilirudiwa. Mwaka 1948, mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Carrington, mhandisi wa Marekani Claude Shannon alikuwa amethibitisha kwa hesabu kwamba ujumbe unaopita katika njia yenye kelele unaweza kulindwa kwa kuongezewa ziada iliyopangwa vizuri. Wapiga ngoma wa mto walikuwa wakiitenda kanuni hiyo bila hesabu.

Hapa panahitajika tahadhari moja ambayo huenda isionekane haraka. Kiswahili, kilichoingia Maniema pamoja na misafara kuanzia miaka ya 1860 na kuwa lugha ya Nyangwe, ya Kasongo na baadaye ya Kindu, si lugha ya toni. Hakiwezi kupigwa kwa ngoma kama Kitetela kinavyopigwa. Kadiri kilivyoenea kama lugha ya soko, ya stesheni na ya ujirani wa makabila, ndivyo mawasiliano ya mbali yalivyohama kutoka katika gogo na kwenda katika karatasi. Mji ukapata lugha inayoeleweka na wote, ukapoteza njia ya kuirusha angani jioni.

Barua, reli na mawimbi ya kwanza

Enzi ya barua haihitaji maelezo marefu. Barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu zilisafiri miezi mingi kati ya Kasongo na pwani. Zilichelewa, lakini zilipofika zilikuwa na kila neno lililoandikwa. Reli nayo ilileta nidhamu ya aina nyingine. Kwa jadi, katika reli nyingi za njia moja, stesheni haikumruhusu dereva kuondoka mpaka stesheni ya mbele ikubali, na ukubali huo ulirudiwa kwa yule aliyeuliza. Kurudia kule hakukuwa adabu. Treni mbili zilizokutana ana kwa ana zilikuwa ushahidi kwamba mtu fulani hakurudia.

Kati ya mwaka 1911 na 1913, chini ya uongozi wa mhandisi Mbelgiji Robert Goldschmidt, mfululizo wa vituo vya simu ya upepo ulijengwa kutoka pwani ya Banana hadi Elisabethville. Vituo hivyo vilituma nukta na vistari, si sauti, navyo vilikuwa vya serikali na kampuni. Mkazi wa kawaida wa Kindu hakuwa na la kusema humo.

Miaka ya foni

Sauti ya mwananchi wa kawaida ilipata njia yake baadaye sana, kwa chombo ambacho katika mashariki yote ya Kongo kiliitwa foni. Ilikuwa redio ya mawimbi mafupi yenye kipaza sauti cha mkononi, betri ya gari, pengine bamba la jua, na waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili. Mtandao wa simu wa Ofisi ya Posta ulipokuwa umezorota katika miaka ya 1980 na 1990, foni za misheni, za wafanyabiashara na za watu binafsi ndizo zilizoiunganisha miji ya ndani. Simu ya mkononi ilikuwapo nchini: kampuni ya Telecel, iliyoanzishwa na Miko Rwayitare, iliileta Kinshasa katika miaka ya 1980. Lakini bei yake ilikuwa ya mawaziri na matajiri, na Kinshasa si Maniema.

Foni ilikuwa na tabia zake. Mawimbi mafupi hufika mbali kwa kugonga tabaka la juu la anga, na tabaka hilo hubadilika kwa saa, kwa majira na kwa hali ya jua. Mji uliosikika vizuri asubuhi ulipotea adhuhuri. Redio mbili zikipishana kidogo katika masafa, sauti ya mtu mzima ilitoka nyembamba kama ya bata, na mama hakumtambua mwanawe. Zaidi ya hayo, msemaji mmoja tu ndiye aliyeweza kusema kwa wakati mmoja. Aliyebonyeza kitufe hakusikia kitu mpaka akiachie. Ndiyo maana kila fungu la maneno lilimalizika kwa tamko la Kifaransa la kumwachia mwenzake zamu, à vous, hata katika mazungumzo ambayo mengine yote yalikuwa Kiswahili. Na kila mazungumzo yalianza kwa swali lile lile: “Unanipata?” Jibu lilikuwa na kipimo: “Nakupata tano kwa tano,” au “tatu kwa mbili.” Tarakimu ya kwanza ilikuwa nguvu ya sauti, ya pili uwazi wake.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuvutia ni Kiswahili kilichozaliwa hapo. Sentensi ya foni haikuwa sentensi ya sebuleni. Tuchukue mfano wa habari ya ugonjwa, ambayo pamoja na habari ya msiba ndiyo iliyowapeleka watu wengi kwenye foni. Katika mazungumzo ya ana kwa ana, “Mama amelazwa” inatosha. Katika foni ingesemwa hivi: “Yaya, mama amelazwa, narudia, amelazwa hospitali, hakufariki, hapana, hakufariki, ni mzima, yuko kitandani, umepata?” Naye wa upande wa pili hakujibu “ndiyo” peke yake. Alirudisha: “Nimepata, mama yuko hospitali, ni mzima.” Namba zilitajwa tarakimu moja moja, majina yakatamkwa herufi kwa herufi. Hii ni kanuni ya mpiga ngoma na ya mkuu wa stesheni, iliyorudi katika lugha isiyo na toni.

Hakuna sababu ya kuisifu foni kupita kiasi. Haikuwa na siri: kila aliyekuwa na redio katika masafa hayo alisikia deni la nani limechelewa na binti wa nani ameposwa. Ilitegemea mwendeshaji na saa zake. Vita vilivyoanza mwaka 1998, ambapo waasi wa RCD waliuteka Kindu mwezi Oktoba mwaka huo huo, viliifanya kila redio kuwa kitu cha kutiliwa shaka, na vilikata njia nyingine pia. Treni kutoka kusini haikufika Kindu tena mpaka mwaka 2004. Lakini foni ilikuwa na uaminifu wa aina moja: ilipokosea, ilipiga kelele. Mvumo, mluzi na ukimya vilimwambia msikilizaji waziwazi kwamba kuna kitu hakukipata, naye akauliza.

Minara na setilaiti

Baada ya sheria mbili za tarehe 16 Oktoba 2002, moja ya kusimamia mawasiliano na nyingine ya kuunda mamlaka ya udhibiti, ARPTC, na kadiri kampuni za simu za mkononi zilivyoenea katika majimbo, foni ilirudi nyuma hatua kwa hatua. Mtu alipata kusema na kusikia kwa pamoja, faraghani, usiku wa manane. Hakuna aliyelilia kitufe.

Hata hivyo mnara wa simu si mwisho wa njia. Mnara uliosimama mahali pasipo na waya wa nyuzi za kioo wala mnara mwenzake wa kupokezana naye hupitisha mazungumzo yake katika setilaiti. Setilaiti ya kawaida ya aina hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Sauti inayopanda na kushuka hutembea zaidi ya kilomita 71,000, na hata kwa mwendo wa nuru hutumia karibu robo ya sekunde. Sasa tuchukue mfano wa minara miwili, mmoja Kibombo na mwingine Kailo, kila mmoja ukitegemea setilaiti, na mitambo inayoiunganisha ikiwa Kinshasa. Sauti hupanda kutoka Kibombo, hushuka Kinshasa, hupanda tena, hushuka Kailo: nusu sekunde, kwa watu wa jimbo moja. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake linaloitwa G.114, linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yawe ya kawaida, na mitandao isipangwe kuvuka 400.

Ucheleweshaji huo hauharibu neno lolote. Unaharibu zamu. Katika mazungumzo, kimya kifupi baada ya swali kina maana: ni kusita, ni kukataa kwa heshima, ni aibu. Mkwe anayeulizwa juu ya mahari na kujibu baada ya sekunde nzima amekwisha kujibu. Pale ambapo setilaiti ndiyo iliyosita, pande zote mbili humhesabia mwenzake kusita ambako si kwake. Kisha wote wawili huanza kusema kwa pamoja, wote wawili hunyamaza, na “aloo, aloo” hujaza nafasi ambayo kitufe cha foni kiliipanga vizuri.

Pakiti na viambishi

Intaneti ilileta badiliko kubwa zaidi. Kanuni yake ya msingi, iliyoandikwa mwaka 1981, haiahidi kufikisha kitu. Sauti hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, kila kipande kikatiwa katika pakiti yake, na pakiti zikaachiwa zitafute njia. Mtandao hujitahidi, basi. Pakiti ikipotea, hakuna anayeirudisha, kwa kuwa neno lililochelewa halina kazi tena katika mazungumzo. Mwaka 1998 wahandisi walikubaliana juu ya utaratibu wa kuzitia pakiti alama, ili za sauti zipite mbele ya zile za picha na mafaili. Lakini alama hiyo huheshimiwa ndani ya mtandao wa mwenye kuiweka. Ikivuka mpaka wa kampuni nyingine, inaweza kupuuzwa. Mashirika na benki hununua mkataba wenye kiwango cha huduma kilichoandikwa. Anayenunua mega kwa mahitaji ya siku moja hununua jitihada tu.

Hapo ndipo muundo wa Kiswahili unapoingia. Silabi moja ya mazungumzo ya kawaida huchukua takriban milisekunde 150 hadi 200, yaani pakiti nane hadi kumi. Mtandao uliozidiwa mara nyingi hupoteza pakiti nyingi kwa mfululizo, na mfululizo wa namna hiyo unatosha kuimeza silabi. Katika lugha nyingi hasara hiyo ni ndogo. Katika Kiswahili, silabi moja ndani ya kitenzi ndiyo inayobeba wakati: aliuza na atauza zinapishana kwa silabi moja, na pia amelipa na atalipa. Ukanushaji ni dhaifu zaidi, kwa kuwa kati ya atakuja na hatakuja hakuna tofauti ila pumzi ya h, na katika aina nyingi za Kiswahili cha mashariki ya Kongo h hiyo hudhoofika hata ana kwa ana. Simu ya kawaida, ambayo kwa jadi hupitisha masafa kati ya hezi 300 na 3,400 peke yake, tayari ilikuwa imeondoa sehemu kubwa ya mvumo unaotenganisha s na f. Futa na suta, fuka na suka zilitegemea muktadha. Lakini muktadha hauwezi kumwambia mtu kama ndugu yake ameuza shamba au atauza.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Programu za sauti hazimwachii msikilizaji tundu. Pakiti inapokosekana, mtambo hurefusha sauti iliyotangulia au hubuni inayofanana nayo, ili mazungumzo yaendelee kuwa laini. Ufundi huo umetokana na namna ubora unavyopimwa. Kipimo kikuu cha ITU huwaomba wasikilizaji watoe alama kuanzia 1 hadi 5, kutoka mbaya hadi bora sana, na wastani wao ndio ubora wa simu. Inashangaza kidogo kwamba ngazi hiyo ina daraja tano kama ile ya foni. Lakini maswali yake si yale yale. Mwendeshaji wa foni aliulizwa kama amepata ujumbe. Msikilizaji wa maabara huulizwa kama sauti inampendeza. Simu yaweza kupata alama nne na bado ikawa imemeza -li- ya kitenzi kimoja, na hakuna mvumo wala mluzi wa kumwambia mtu arudie.

Kwa sababu hiyo kuachwa kwa adabu za foni ni hasara ya kweli. Kijana anayesema “narudia” na kumtaka mwenzake arudishe maneno huonekana mshamba, mtu wa enzi za betri. Maagizo ya dawa, bei ya dhahabu au ya mchele, siku ya mazishi, yote husemwa mara moja, kwa sauti ya sebuleni, katika njia ambayo haina dhamana ya sebuleni.

Ahadi za maandishi

Sheria za mwaka 2002 zilifuatwa na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano na teknolojia ya habari. Kampuni zenye leseni zina wajibu wa ubora ulioandikwa, na mamlaka ina haki ya kupima. Hilo ni jema, na wananchi wa Maniema wana haki ya kudai vipimo vifanyike Punia na Kabambare kama vinavyofanyika Gombe. Lakini ni vigumu kwa kipimo chochote kuhesabu kitenzi kilichopoteza wakati wake. Wala dhamana haivunjwi na mvua na ukosefu wa dizeli peke yake. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote kwa amri kwa muda wa takriban majuma matatu. Katika siku hizo simu ya kawaida iliendelea kulia, na waliokuwa wamehamishia sauti zao zote katika intaneti walijikuta bila kitu. Hata setilaiti mpya za chini, zinazozunguka kwenye kilomita 550 hivi na kupunguza ucheleweshaji hadi makumi machache ya milisekunde, zilingojea karatasi: huduma ya Starlink ilipigwa marufuku nchini mwezi Machi 2024 na kupewa leseni mwezi Mei 2025.

Wakati huo huo watumiaji wenyewe wamekwisha kuchagua njia ambayo haikutazamiwa na waandishi wa mikataba. Mwaka 2013 WhatsApp iliongeza ujumbe wa sauti, miaka miwili kabla ya simu zake za moja kwa moja. Ujumbe wa sauti haupiti kama mazungumzo. Hupita kama faili: kipande kikipotea hutumwa tena, na tena, mpaka faili litimie, ama sivyo halifunguki. Hauna haraka ya setilaiti wala hofu ya zamu, na aliyepokea huweza kuusikiliza mara tatu. Msemaji husema fungu lake lote, humaliza, humwachia mwenzake. Mara nyingi huanza kwa kumtaja anayesemeshwa na kumalizia kwa kulirudia jambo kuu, kama vile kipaza sauti cha foni bado kiko mkononi. Mtandao wa Kindu ukizimika jioni, ujumbe hubaki katika simu ukiwa na alama ya saa ndogo pembeni, ukingoja asubuhi.